Digrii ya sayansi ya jamii: piga hesabu yote kabla ya kutuma karo ya kwanza

Barua za kuitwa chuo zikitoka, swali moja huzunguka Njiru, Chokaa, Ruai hadi Mwiki: "Ameitwa kusomea sosholojia. Sasa hiyo ni kazi gani?" Mjomba anasema ni kupoteza pesa. Mama anasema digrii ni digrii. Mwanafunzi mwenyewe amenyamaza, maana anajua chama kimeshaahidi kuchangia.

Sisi kazi yetu ni pesa, hatuchagulii mtu kozi. Lakini tunaweza kukusaidia kuona bei kamili ya digrii hii, na kitu gani hasa inakupa. Ukiona hayo mawili, uamuzi unakuwa rahisi zaidi.

Karo si ile ya zamani

Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Mwaka wa 2023 serikali ilileta mfumo mpya: sehemu moja ni ufadhili ambao haurudishwi, sehemu nyingine ni mkopo wa HELB, na kinachobaki ni cha familia. Kila familia huwekwa kwenye bendi kulingana na uwezo wake, kuanzia Bendi ya 1 hadi ya 5. Mfumo huu umepita mahakamani na ada zimefanyiwa mabadiliko, kwa hivyo tumia kiasi kilicho kwenye akaunti yako ya maombi na barua ya chuo, si kile ulichosikia kwenye steji.

Jambo lingine: ufadhili huo ni wa vyuo vya umma. Ukienda chuo cha kibinafsi unaweza kuomba mkopo, lakini kinachobaki ni mzigo wako.

Tupige hesabu pamoja

Tuchukue mfano. Kozi inagharimu Sh150,000 kwa mwaka, na familia imewekwa Bendi ya 3. Bendi hiyo ilipangwa hivi: ufadhili asilimia 50, mkopo asilimia 30, familia asilimia 20.

- Ufadhili: Sh75,000
- Mkopo wa karo: Sh45,000
- Familia: Sh30,000
- Mkopo wa matumizi (Bendi ya 3): Sh50,000

Sasa ongeza maisha. Mwanafunzi analala nyumbani Njiru na kupanda matatu ya Kangundo Road kwenda chuo cha mjini. Tuseme nauli ni Sh160 kwenda na kurudi, na chakula Sh150, siku tano kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka. Nauli ni Sh24,000 na chakula Sh22,500. Ukijumlisha na sehemu ya karo ya familia, unapata Sh76,500 kwa mwaka. Toa mkopo wa matumizi, inabaki Sh26,500, ambayo ni kama Sh73 kwa siku.

Ukiweka akiba ya Sh100 kila siku, utakuwa na Sh36,500 mwisho wa mwaka. Hapo umeziba pengo na kubaki na Sh10,000 ya kuprinti, bando na dharura. Kwa mwenye kibanda cha mboga au bodaboda, mia moja kwa siku ni rahisi kubeba kuliko kutafuta elfu thelathini kwa wiki moja chuo kikifunguliwa.

Lakini akiitwa chuo cha mbali, kama Maseno au Eldoret, hesabu hii inabadilika. Weka kodi ya nyumba na nauli ya kurudi nyumbani kabla ya kusema "tutajipanga."

Mkopo ni deni, hata ule wa matumizi

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwenye mfano wetu, mkopo wa mwaka ni Sh95,000. Kwa miaka minne ni Sh380,000, na HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukilipa Sh6,000 kila mwezi, utamaliza baada ya karibu miaka sita. Ukianza na mshahara wa Sh30,000, elfu sita ni moja kwa tano ya mshahara wako.

Unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, kuna faini ya Sh5,000 kila mwezi, na jina lako linaweza kupelekwa CRB. Kama hujapata kazi, ongea na HELB mapema na mpange kiasi unachoweza.

Pesa ya matumizi pia haiji kila mwezi, huja kwa mafungu. Sh25,000 ikiingia mara moja kwenye simu ya kijana wa miaka 19, inaonekana nyingi. Igawe siku hiyo hiyo kwa miezi ya muhula, na uiweke mahali ambapo kuitoa si rahisi. Ukibeti na hiyo pesa, unabeti na deni.

Digrii hii inafungua mlango gani?

"Sayansi ya jamii" si kitu kimoja. Ndani yake kuna uchumi, saikolojia, sosholojia, siasa, anthropolojia na kazi za ustawi wa jamii. Kila moja ina njia yake:

- Maafisa wa watoto na wa probesheni: serikali huajiri watu wenye digrii za sosholojia, ustawi wa jamii na zinazofanana. Nafasi ni chache na washindani ni wengi.
- Ushauri nasaha: kuna sheria ya mwaka wa 2014 inayosimamia washauri na wanasaikolojia, na unahitaji kusajiliwa.
- Usimamizi wa wafanyakazi: kuna sheria ya mwaka wa 2012 na chama cha wanataaluma, IHRM. Panga pesa ya mitihani na uanachama mbali na karo.
- Utafiti: Nairobi ina mashirika mengi ya utafiti. APHRC, kwa mfano, imefuatilia afya na maisha ya watu wa Korogocho na Viwandani tangu mapema miaka ya 2000. Kazi ya kukusanya data mara nyingi ni ya mkataba mfupi, lakini wengi huanzia hapo.
- Ualimu: sosholojia pekee haikufanyi mwalimu wa sekondari. TSC inataka mafunzo ya ualimu na masomo mawili ya kufundishia. Kama ndoto yako ni darasa, chagua kozi ya ualimu tangu mwanzo.

Kwa maoni yetu, mjomba amekosea na mama pia amekosea kidogo. Digrii hii haijapotea, lakini peke yake haitoshi. Anayeambatanisha nayo ujuzi unaoonekana, kama kuchambua data, kuandika ripoti, kuendesha mahojiano au kusimamia bajeti ya mradi, ana kitu cha kumwonyesha mwajiri. Anza mwaka wa pili, si baada ya gwaride la mahafali.

Maswali ya kujibu kabla ya kulipa

1. Jumla ya deni langu baada ya miaka minne ni ngapi?
2. Kazi tatu ninazolenga zinaitwaje, na matangazo yake yanataka nini?
3. Kuna diploma inayonifikisha hapo kwa muda mfupi na pesa kidogo?
4. Nani analipa nauli mwezi ambao biashara ya nyumbani imelala?

Ukilipa, lipa salama

Tumia nambari ya Paybill iliyo kwenye barua ya chuo pekee, na uweke nambari ya usajili ya mwanafunzi kama akaunti. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Hifadhi ujumbe wa malipo.

Mtu akikupigia akisema atakubadilishia bendi au kukupa nafasi kwa "kitu kidogo", kata simu. Rufaa ya bendi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe kwenye akaunti yake ya maombi. Na karo ya chuo haitumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata akijiita daktari au profesa.

Kaeni chini leo jioni, mzazi na mwanafunzi, na karatasi moja. Andikeni namba zenu badala ya zetu, kisha muamue.