SOKO LA CHIPU: Bei ya chini, hesabu nzito

Mnunuzi wa bodi za kuendeshea mota, ziwe za printa za 3D au za mashine za kuchongea mbao na chuma, hukuta bei zilizoachana sana. Wauzaji husema tofauti ni megahezi. Fundi wa programu hutazama jambo jingine: kama hesabu itakamilika kabla mota haijadai hatua inayofuata.

ATmega328P, chipu ya biti 8 iliyomo kwenye Arduino Uno, huenda kwa megahezi 16. Programu ya Grbl huipeleka hadi hatua 30,000 kwa sekunde, yaani mizunguko 533 hivi kwa kila hatua. Chipu hiyo haina sehemu ya kukokotoa desimali, na kugawanya mara moja tu huweza kumeza mamia ya mizunguko. Grbl huponea kwa kupiga hesabu mapema na kuziweka akiba. Lakini kwenye printa ya delta, ambako kila nukta ya njia hutaka vipeuo vya pili vitatu, akiba hukauka upesi. Mota husitasita na bidhaa hutoka na makovu.

STM32F407 ya STMicroelectronics ina megahezi 168 pamoja na sehemu ya desimali: kujumlisha ni mzunguko mmoja, kugawanya ni 14. Hapo ndipo fedha ya ziada inapokwenda. Kuna mtego, hata hivyo. Sehemu hiyo hubeba tarakimu 7 hivi tu; programu ikiandikwa kwa usahihi maradufu, hesabu hurudi njia ya polepole na mnunuzi amelipia asichokitumia. Anayeuhitaji usahihi huo hana budi kupanda hadi chipu kama i.MX RT1062 ya NXP, yenye megahezi 600.

Uhaba wa mwaka 2021 na 2022 ulivuruga mahesabu yote. STM32 ziliadimika, na baadhi ya watengenezaji wa bodi wakakimbilia RP2040 ya Raspberry Pi, chipu ya dola 1 isiyo na sehemu ya desimali. Waliokolewa na programu ya Klipper, ambayo hupeleka hesabu kwenye kompyuta ya pembeni na kuiachia chipu kazi ya kupiga hatua kwa wakati. RP2350, iliyotoka 2024, imeongezewa sehemu ya desimali. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Raspberry Pi iliingia Soko la Hisa la London kwa peni 280 kwa hisa.

Kwa mwenye hisa katika kampuni ya mashine, swali la kupeleka kwenye mkutano ni fupi: programu yao inaweza kuhamia chipu nyingine, na kwa muda gani?