Mama, Usimeze Dawa ya Jirani

Akina mama wengi tunaijua hali hii. Mkojo unachoma kama pilipili, kila baada ya muda mfupi unakimbilia chooni, na tumbo linavuta chini ya kitovu. Kwa kuwa ni jambo la aibu kulisema, mama humnong'oneza jirani, naye humpa vidonge vinne vya "rangi mbili" vilivyobaki. Kesho yake maumivu yanapungua, dawa inaachwa. Baada ya wiki chache ugonjwa unarudi, na safari hii vidonge vile vile havifui dafu.

Kwa nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Bakteria aitwaye E. koli, anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), kwa kawaida huishi utumboni mwetu bila kutudhuru. Matata huanza anapoingia katika njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamke ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa.

Kati ya mamilioni ya bakteria hao, wachache huweza kuihimili dawa. Dawa isiyofaa au isiyotosha huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Hao huzaana upesi, tena huambukizana usugu wao kwa wao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya dozi pungufu tangu mwaka 1945.

Hatari hiyo imekwisha kufika kwetu. Watafiti wa mradi wa HATUA walipopima mikojo ya wagonjwa Kenya, Tanzania na Uganda, walikuta bakteria wengi waliokuwa sugu kwa dawa za aina kadhaa. UTI isiyotibiwa vizuri huweza kupanda hadi kwenye figo. Kwa mama mjamzito, huweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Ufanye nini basi?

• Nenda kituo cha afya, mkojo upimwe. Si kila muwasho ni UTI.
• Ugonjwa ukirudi-rudi, omba mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane ni dawa gani ingali na nguvu.
• Meza dawa kama ulivyoandikiwa, hadi siku ya mwisho. Kama fedha hazitoshi dozi nzima, mweleze mganga kabla hujaondoka.
• Sema mapema kama u mjamzito.
• Ukiona homa, kutapika au maumivu ya ubavuni, usingoje kesho.
• Kunywa maji, usibane mkojo, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na ukojoe baada ya tendo la ndoa.

Na jirani akija kukuomba vidonge? Usimpe. Jifunge khanga umsindikize zahanati.