Kamera uwanjani ni nyingi, lakini nani hubaki na picha?

PAMBA inapouzwa na wakulima kupata fedha zao, Kalemela na vijiji vingine vya Mkoa wa Simiyu huingia katika msimu wa pili, ule wa shughuli. Ni wakati wa harusi, wa mikutano ya hadhara na wa mashindano ya ngoma, ambapo wafuasi wa vyama vya Bagika na Bagalu huvutana kuwania mashabiki.

Popote watu wanapokusanyika siku hizi, mikono huinuka juu ya vichwa ikiwa imeshika simu. Hali ilikuwa hivyo katika maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yaliyofanyika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, na ndivyo inavyokuwa kila Mwenge wa Uhuru unapopita wilayani.

Hata hivyo, wingi wa kamera haujafanya kila aliyepigwa picha awe na picha yake. Kila aina ya kamera ina tabia zake, na tabia hizo ndizo huamua kama sura ya mcheza ngoma itaonekana au itabaki kivuli cheusi. Ndizo pia huamua picha itakuwa mikononi mwa nani miaka ishirini baadaye.

Kabla ya simu, shughuli ya kijijini ilikuwa na kamera moja au mbili, na mwenye kamera alijulikana na kila mtu. Kamera yake ilitumia mkanda wa milimita 35 wenye nafasi 24 au 36. Kila alipobonyeza alikuwa ametumia fedha, kwa hiyo hakubonyeza ovyo. Aliwapanga watu, akawataka wasimame wima na kutulia, na ndiyo maana picha nyingi za zamani zina watu wenye nyuso kavu hata siku ya harusi.

Mkanda ulipokwisha ulipelekwa studio ya mjini kusafishwa. Mfuniko wa nyuma ukifunguliwa kwa bahati mbaya kabla mkanda haujarudishwa ndani ya kopo lake, mwanga uliingia na picha zikaharibika. Lakini mambo yakienda vizuri, mpiga picha alirudi na picha za karatasi, akazigawa nyumba kwa nyumba na kudai salio lake.

Katika mpango huo aliyepigwa picha ndiye aliyelipa, na ndiye aliyebaki na picha. Mpiga picha alibaki na negativu, ambayo iliwezesha kutoa nakala nyingine hata baada ya miaka. Faida ya negativu inaonekana vizuri mjini Zanzibar, ambako studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilirithiwa na mwanawe Rohit pamoja na hazina ya picha za watu na matukio ya Visiwani za miongo mingi.

Kamera ya papo kwa papo ya Polaroid ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Karatasi ilitoka kwenye kamera yenyewe na sura ikajitokeza polepole mbele ya macho ya mteja. Hapakuwa na safari ya mjini wala kusubiri wiki nzima, lakini hapakuwa na negativu ya kutolea nakala ya pili. Picha ikiungua au ikiliwa na mchwa, imekwisha. Polaroid iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2001, na mwaka 2008 ikatangaza kuacha kutengeneza karatasi hizo.

Miaka ya 2000 ndiyo iliyoleta kwa wingi kamera ndogo za dijitali, zile za kuingia mfukoni zenye kioo nyuma na memori kadi. Teknolojia yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. Mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1975, ikiwa na pikseli 10,000 tu. Kodak, iliyokuwa imewafikishia watu wa kawaida kamera ya Brownie kwa dola moja mwaka 1900, ilichelewa kuachana na biashara ya mikanda na kuomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2012.

Kamera ndogo ya dijitali iliondoa hofu ya kubonyeza. Ilikuja pia na flashi inayojiwasha yenyewe, na hapo ndipo lilipoanzia kosa linaloonekana hadi leo kila jioni ya tamasha. Mwanga wa flashi ndogo hufika mita tatu hivi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hupungua hadi robo. Mtu aliyesimama mita 30 kutoka jukwaani na kuwasha flashi hamulikii mwanamuziki, anamulika visogo vya watu walio mbele yake.

Kisha simu ikameza kamera. Nchini Japani, simu ya J-SH04 ya kampuni ya Sharp iliuzwa kuanzia mwaka 2000 ikiwa na kamera ya pikseli 110,000. Nokia 7650 ilifuata mwaka 2002, na kufikia miaka ya 2010 simu zenye kamera zilikuwa zimeenea mijini na vijijini Afrika Mashariki.

Wauzaji wa simu hupenda kutaja megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Kwa mnunuzi wa kawaida namba hiyo ina maana ndogo kuliko inavyodhaniwa. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 huhitaji megapikseli mbili tu kutoka vizuri. Kilicho muhimu zaidi ni ubora wa lenzi na ukubwa wa kipande kinachonasa mwanga. Katika simu kipande hicho ni kidogo sana, na ndiyo sababu picha za usiku hujaa chengachenga, au watu wanaotembea huonekana kama moshi.

Kuvuta picha kwa vidole nako hudanganya. Lenzi ya kamera kubwa husogea kweli na kukileta karibu kitu cha mbali, lakini simu nyingi za bei nafuu hukata tu kipande cha katikati na kukikuza. Anayetaka kunasa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe, atapata picha bora akiomba njia na kusogea hatua kumi mbele kuliko akivuta kioo kwa vidole.

Tatizo kubwa zaidi katika viwanja vya wazi kama vya Kalemela ni jua. Kuanzia Juni hadi Agosti anga huwa jeupe na jua la mchana husimama utosini, likiweka kivuli machoni mwa kila aliyevaa kofia. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Ikiona anga kubwa linalong'aa, hupunguza mwanga, na uso mweusi ulio chini ya anga hilo hupotea. Dawa ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, au kuhama hadi jua liwe ubavuni.

Ugumu wa kupiga picha watu weusi hautokani na jua peke yake. Kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizotumia mikanda ya Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi haikuwamo katika kipimo. Inaelezwa kuwa miongoni mwa waliosukuma mabadiliko walikuwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliochoka kuona rangi za bidhaa zao zikitoka vibaya. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu! Siku hizi baadhi ya kampuni, ikiwemo Tecno inayouza sana barani Afrika, hutangaza simu zilizorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi.

Linabaki suala la umiliki. Kwa simu, picha hubaki kwa aliyepiga, na anayechezea ngoma katikati ya uwanja huenda asiione kamwe, au akaiona imesambazwa na watu asiowajua. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Lakini kati ya majirani, kuomba ruhusa kwa mdomo kabla ya kumpiga mtu picha kunazuia ugomvi mwingi kuliko kifungu chochote.

Kwa upande wa utunzaji, simu huibwa, huanguka majini na memori kadi hufa bila kuaga. Wengi hutegemea picha walizotumiana kwa WhatsApp, bila kujua kuwa programu hiyo kwa kawaida hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri haraka. Mwaka 2023 uliongezwa uchaguzi wa kutuma kwa ubora wa juu, na njia ya kuituma picha kama hati huiacha jinsi ilivyo.

Athari za upunguzaji huo huonekana kwenye vibanda vya steshenari, mara nyingi baada ya msiba, ndugu wanapotafuta picha ya marehemu ya kuweka kwenye fremu. Huja na picha iliyokatwa kutoka kundi la watu harusini na kupita katika simu tatu au nne, na inapokuzwa sura huvunjika vipandevipande. Aliyeipiga akipatikana, na kama bado ana simu ile ile, nakala halisi inaweza kuwa imo humo.