Paa la Bati na Ndoo Zinazopotea

Akina mama wenzetu, tukitoka Musoma kwenda Bunda, au tukikata kuelekea Butiama, tunaona mapaa ya bati yaking'aa hata katikati ya mashamba ya mihogo. Nyumba ya nyasi sasa ni ya kutafuta. Hatusikitiki sana. Kukata nyasi na kuezeka upya kila baada ya miaka michache ilikuwa kazi nzito, na kwa wenzetu wa Bunda wanaopakana na Hifadhi ya Serengeti, kuzifuata ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa la kisheria.

Lakini bati nalo lina mambo yake. Nyasi hunywa mvua na kuiachia polepole. Bati huimwaga yote mara moja. Hebu tupige hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina paa la mita za mraba 48 hivi. Mvua ya milimita 10 tu huangusha hapo lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20. Yakiachwa yaanguke ovyo, maji hayo huchimba msingi, hukomba udongo wa bustani na kufungua korongo hadi kwa jirani. Udongo mwingine huishia Ziwa Victoria.

Na mama huyo huyo aliyepotewa na ndoo 24 kesho anajitwika ndoo moja kwenda ziwani, kwenye kichocho na mamba! Basi, baba watoto akitaja bati la chumba kingine, tumwombe kwanza gata na pipa lenye mfuniko, mbu wasizaliane humo.

Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi tuyamwage. Yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa tuyachemshe. Zinki inayopakwa bati lisishike kutu huingia majini kidogo, na kwa kawaida haitishi. Cha kuogopa ni madini ya risasi, yaliyomo katika baadhi ya rangi, hasa za zamani. Hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na kuchemsha hakuyaondoi. Paa la rangi tusiyoijua, maji yake yawe ya kufulia.

Bati kuukuu nalo tusilitupe njiani likakata watoto miguu. Banda la kuku linalihitaji.