Reli, Njia na Chuma: Istilahi za Kuelezea Reli ya Mjini Isiyoonekana Tena

Istilahi ya kitu kilicho mbele ya macho haina kazi ngumu. Msomaji asipolielewa neno hukitazama kitu chenyewe, na macho yakamaliza kazi iliyoyashinda maneno. Kitu kilichoondolewa hakina msaada huo. Kwa sababu hiyo twaona kwamba istilahi zetu za reli zapimika vizuri zaidi zikipewa kazi ya kueleza mpangilio wa njia za zamani na safari za treni za mizigo ambazo hazipo tena. Tumechukua mfano wa mji wa London, ambao habari zake zimehifadhiwa vyema, na ambao matatizo yake ya lugha, kama itakavyoonekana, hayako mbali na ya Dar es Salaam.

Reli ya Metropolitan ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, masafa ya kilomita 6 hivi, nayo ilikuwa reli ya kwanza duniani ya kuchukua abiria wa mjini chini ya ardhi. Tuseme mfasiri ameandika kwamba siku hiyo ya kufunguliwa ilikuwa na "reli tatu". Mkazi wa Dar es Salaam atafahamu nini? Ana haki ya kudhani ni kama kwao, ambako zipo Reli ya Kati, TAZARA, na ile mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 1924 ukiongeza miaka 100 kamili, yaani 2024. Maana ya London ni nyingine kabisa. Huko, juu ya mataruma yale yale, vililazwa vyuma vitatu. Kimoja kilitumiwa na treni zote. Cha pili kilikuwa umbali wa milimita 1435 kutoka hicho cha kwanza. Na cha tatu umbali wa milimita 2140 hivi, kwa ajili ya treni pana za kampuni ya Great Western. Kampuni hiyo iligombana na Metropolitan na kuziondoa treni zake mwezi wa Agosti mwaka ule ule wa 1863, na mwaka 1869 geji pana ikaondolewa katika njia hizo.

Twapendekeza, basi, maneno matatu yatenganishwe. "Chuma cha reli", au "chuma" peke yake pale ambapo habari haina utata, kiwe ule mhimili mmoja unaokanyagwa na gurudumu. "Njia" iwe vyuma pamoja na mataruma yake, mahali pa kupita treni moja kwa wakati mmoja. "Reli" ibaki kuwa jina la shughuli nzima: njia, stesheni, mabehewa na watu wake. Wako watakaosema kwamba "njia" limekwisha kuelemewa na kazi nyingi. Ni kweli, lakini ndilo linalotumika, nasi hatuoni faida ya kubuni neno jipya palipo na neno hai. "Taruma" ni ushahidi mzuri wa jambo hilo. Lilikuwa neno la mafundi wa vyombo vya baharini, kwa mbao zinazokingama ndani ya chombo; likapanda pwani, likaingia relini, na leo hakuna anayeulizia asili yake, hata pale ambapo mataruma yenyewe ni ya zege au ya chuma.

Kuhusu geji, waandishi wengine hupenda kusema "upana wa reli". Maneno hayo yaweza kumpeleka msomaji kwenye unene wa chuma chenyewe, au upana wa ardhi ya shirika. Geji ni nafasi iliyopo kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili, na mafundi hulitumia neno hilo bila taabu. Dar es Salaam ina geji tatu: milimita 1000 ya Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1905, 1067 ya TAZARA, inayolingana na reli za kusini mwa Afrika, na 1435 ya reli mpya. Kwa kuwa behewa la geji moja haliwezi kupita penye geji nyingine, Kidatu palifanywa mwaka 1998 kuwa mahali pa kuhamishia mizigo baina ya Reli ya Kati na TAZARA. Kwa maoni yetu jina "reli ya kisasa" halifai katika maandishi ya kitaalamu. Halisemi lolote juu ya geji, na usasa ni sifa isiyodumu: Metropolitan nayo ilikuwa ya kisasa mwaka 1863.

Turudi London. Mwaka 1868, kati ya King's Cross na Farringdon, ziliongezwa njia mbili kando ya zile za kwanza, kwa sababu treni za kampuni nyingine, za abiria na za mizigo, zilikuwa zimezidi. Wenyewe wakaziita kwa jina ambalo likifasiriwa neno kwa neno huwa "njia zilizopanuliwa". Hapo mfasiri anaingia mtegoni, kwani hakuna njia iliyopanuka: geji ilibaki ile ile, kilichozidi ni idadi. "Njia za nyongeza" ndiyo tafsiri ya haki. Karibu na Farringdon njia hizo za nyongeza zilipitishwa chini ya zile za zamani, ambazo zilivuka juu kwa daraja la chuma. Mahali hapo pasiitwe "makutano", maana treni hazikutani wala haziwezi kuhama kutoka njia moja hadi nyingine. Ni "kivuko cha juu".

Sehemu inayotuvutia zaidi ni mizigo. Mwaka 1869 Great Western ilifungua bohari chini ya soko la nyama la Smithfield. Treni za nyama zilitoka Paddington zikapita katika njia zile zile za abiria, zikaingia katika njia za kando zilizokuwa chini ya soko, na nyama ikapandishwa juu kwa lifti. Twasema "njia za kando" kwa makusudi. "Mchepuko" lingefaa sana kwa umbo, lakini mitaani limekwisha kupewa kazi ya kutaja mapenzi ya nje ya ndoa, na mwalimu atakayelisoma mbele ya darasa hatasikilizwa tena saa nzima. Njia ya kando vilevile si "njia ya kupishana": ya kupishana hurudi katika njia kuu kwa ncha zake zote mbili, bali ya kando aghalabu huishia ukutani au bohari.

Safari hizo za nyama hazikuandikwa katika ratiba wanayopewa abiria. Zilikuwamo katika ratiba ya wafanyakazi, na mtafiti anayetafuta habari za mizigo katika ratiba ya abiria atatoka mikono mitupu. Tofauti ya "ratiba ya abiria" na "ratiba ya kazi" yafaa ihifadhiwe katika tafsiri zetu.

Mwaka 1905 Metropolitan ilianza kuendesha treni za umeme. Vikaongezwa vyuma viwili zaidi, kimoja cha kuleta umeme na kimoja cha kuurudisha, hata njia moja ikawa na vyuma vinne. Mtu asichanganye: chuma cha tatu cha 1863 kilikuwa cha kukanyagwa na magurudumu, na cha 1905 ni cha umeme. Treni za nyama, hata hivyo, ziliendelea kuvutwa kwa mvuke hadi Smithfield ilipofungwa mwaka 1962. Injini zake zilikuwa na mabomba ya kuurudisha mvuke uliotumika ndani ya matangi ya maji, ili handaki lisijae. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka 50, treni ya umeme na garimoshi zilifuatana katika njia moja. Mwandishi anayeziita zote "magarimoshi" ameifuta habari yenyewe. Neno hilo lisitupwe, bali libaki kwa treni ya mvuke, hasa sasa ambapo reli yetu mpya inaendeshwa kwa umeme.

Limebaki neno "kufungwa", linalowasumbua zaidi watumishi wa serikali. Handaki la Snow Hill, kusini ya Farringdon, liliunganisha reli za pande mbili za mto Thames. Treni za abiria ziliacha kupita mwaka 1916, za mizigo mwaka 1969, kisha vyuma vikang'olewa. Handaki lilibaki, na mwaka 1988 treni za abiria zikapita tena juu ya njia mpya. Hapa kwetu, reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, ilifungwa mwaka 1962 ikang'olewa. Ya Arusha ilikaa miaka mingi bila treni, lakini haikung'olewa. Ilikarabatiwa, na abiria wakafika tena Arusha kwa treni mwaka 2020. Twapendekeza "kusimamishwa" litumike pale safari zinapokoma na njia ikabaki. "Kufungwa" pale uamuzi wa kutoitumia unapotolewa rasmi. Na "kung'olewa" pale vyuma vinapoondolewa. Karani anayeandika "reli ya zamani" kwa hali zote tatu hamwambii mpima ardhi kama atakuta vyuma, tuta tupu, au nyumba za watu.