Menyu isiyomwacha mtumiaji njiani

Mkulima wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, anayetuma fedha kwa simu hukutana na orodha ya machaguo: kutuma, kutoa, kuangalia salio. Mtindo huo ulienea nchini baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2008. Je, akikosea namba, ataelekezwa upya au ataachwa njiani?

Anayejifunza lugha ya Python anaweza kuunda orodha ya namna hiyo kwa mistari michache. Menyu kuu huwekwa ndani ya kitanzi cha "while True", kinachoirudia hadi mtumiaji achague kutoka. Hapo amri ya "break" hukivunja. Akiandika namba isiyokuwemo, huonywa, kisha menyu huonyeshwa tena. Ikumbukwe kuwa amri ya "input" hupokea maandishi, hivyo chaguo hulinganishwa na "1" yenye alama za nukuu, si 1 tupu.

Menyu ndogo huandikwa katika funksheni yake, yenye kitanzi chake. Hapo ndipo wengi hukosea: badala ya kurudi kwa "return", huiita menyu kuu upya. Miito hiyo hulimbikizana, na kwa kawaida Python husitisha programu inapofikia takriban miito 1,000.

Msafiri wa treni atokaye Kigoma kwenda Mwanza hurudi stesheni ya Tabora, kisha hushika njia nyingine. Hajengewi Tabora mpya kila safari. Menyu nayo ni hivyo hivyo.