Leseni ya Mashua Huanzia Gatini

Leseni ya chombo cha majini hutolewa baada ya ukaguzi. Mkaguzi huangalia mbao na injini, huhesabu majaketi ya kuokolea maisha, kisha huweka kikomo cha watu na mizigo. Hati hiyo hupata nguvu ufukweni, kwa sababu chombo kikishang'oa nanga hakuna tena wa kuhesabu abiria. Kwa hiyo leseni na mahali pa kufunga chombo haviwezi kutenganishwa.

Uingereza imeunganisha mambo hayo mawili waziwazi katika sheria ya mwaka 1995. Mwenye mashua ya mfereji hupewa leseni akiwa na cheti cha usalama, bima, na maegesho ya kudumu. Asiye na maegesho lazima awe anasafiri kweli, na kwa kawaida haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Akikaidi, leseni inaweza kufutwa na mashua kuondolewa majini.

Nchini Rwanda, leseni za usafiri wa majini hutolewa na RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma yenye makao Kigali, na Polisi ya Taifa ina kikosi cha majini. Kwa mkazi wa Kabeza, mtaa wa Kigali ulio karibu na uwanja wa ndege, maji huonekana kuwa jambo la watu wa Rubavu au Karongi, kando ya Ziwa Kivu. Lakini Ziwa Mugesera haliko mbali na mji, na Januari 2024 mtumbwi wa mbao uliojaza watu zaidi ya 40 ulizama humo na kuua zaidi ya kumi.

Ziwa Kivu lilishuhudia msiba mkubwa zaidi tarehe 3 Oktoba 2024. Chombo kilichotoka Minova, upande wa Kongo, kilipinduka kikiwa karibu kufika bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu Kusini alisema kilikuwa na watu 278, ingawa uwezo wake ulikuwa 80. Vita vilikuwa vimekata barabara, na wasafiri wakakimbilia maji. Katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa pekee walizidi 220.

Katika misiba hiyo, kosa lilitendeka kabla ya safari, pale abiria wa ziada alipopanda. Doria ya katikati ya ziwa humkuta nahodha akiwa tayari amezidisha, na kumgeuza njiani kuna hatari yake. Msimamizi wa gati ana uwezo mkubwa zaidi: anahesabu watu, anatazama majaketi, na anazuia kamba isifunguliwe. Mialo isiyo rasmi haina msimamizi huyo. Kila mwalo unaposajiliwa na kupewa mtu wa kuhesabu, idadi iliyoandikwa kwenye leseni huwa kikomo cha kweli.